Amana ya Mzee na Somo la Simu: Njia za Kuwafundisha Wazee Wenye Ulemavu

1. Utangulizi

Mwalimu anayehitimu katika vyuo vyetu huandaliwa hasa kwa ajili ya mtoto aliyeketi darasani. Hata hivyo, akishapangiwa shule ya kijijini, haupiti muda mrefu kabla wakubwa wa kijiji hawajamjia na mambo yao: barua ya kusomewa, fomu ya kujaziwa na, siku hizi, simu ya kuelekezwa. Miongoni mwa wanaomjia wamo wazee ambao macho yao yamefifia, masikio hayasikii vema, au mkono mmoja umepooza. Makala haya yanakusudia kuwasaidia walimu na wanachuo walipokee jambo hilo kama somo kamili, lenye azimio, vifaa na kipimo, wala si kama msaada wa kupita njiani.

Tutazungumzia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni fedha, yaani amana maalumu iwekwayo kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. La pili ni ufundishaji wenyewe. Tumeyaunganisha kwa sababu moja lisipopangwa vizuri huliharibu la pili. Hoja yetu ni kwamba fedha iliyowekwa kwa ajili ya mzee mwenye ulemavu hutimiza kazi yake inapolipia somo mpaka mzee aweze kutenda mwenyewe. Kununua chombo peke yake hakutoshi. Mifano mingi tumeichukua Tarakea, wilayani Rombo, katika miteremko ya Kilimanjaro iliyo karibu na mpaka wa Kenya.

2. Kwa nini simu imekuwa somo la lazima

Wazee tunaowazungumzia si wageni wa elimu ya ukubwani. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo ulifanyika mwezi Agosti 1975. Mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati kampeni ile inaanza sasa amekwisha kupita miaka 70. Wengi wa rika lake walijifunza kuandika majina yao wakiwa na watoto mgongoni. Kadhalika, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha watu wazima kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza. Kwa hiyo mwalimu anayedhani kwamba mzee hawezi kujifunza jambo jipya hajui historia ya wanafunzi wake.

Kilichobadilika ni chombo cha kujifunzia. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Fedha za matumizi kutoka kwa watoto walioko Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, ambazo zamani zilipitia kwa kondakta wa basi, sasa hufika kwa simu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uliosimamiwa na TASAF nao ulifikia kuwalipa baadhi ya walengwa kwa njia hiyo hiyo. Simu, basi, imekuwa mkoba wa fedha, na mkoba huo hufungwa kwa namba ya siri.

Hapa ndipo lilipo tatizo. Mzee asiyeona maandishi ya kioo, au ambaye vidole vyake vinatetemeka, humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Mjukuu mwema atamsaidia. Mwingine atamsaidia na kujisaidia. Huko Tarakea tulizungumza na mama mmoja asiyeona, ambaye mwanawe alimnunulia simu ya bei kubwa. Simu ilikuwa ndani ya kabati, imefungwa katika kitambaa. Fedha zake zilitolewa na kijana wa nyumbani kila mwezi. Tulipomwuliza alikuwa na kiasi gani, alijibu, “Huniambia imekwisha.” Hakusema kwamba ameibiwa, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua. Kutojua huko ndiko mwalimu anakopaswa kukuondoa.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 12 ya mkataba huo inatambua haki ya watu hao kusimamia mambo yao ya fedha sawa na watu wengine. Somo la simu ni njia mojawapo ya kuitoa haki hiyo katika karatasi na kuifikisha mkononi.

3. Amana maalumu ni nini

Kwa Wachaga si vigumu kulieleza wazo la amana. Anayelima kihamba leo hukishika kwa niaba ya waliomtangulia na watakaomfuata, wala hakitapanyi apendavyo. Amana nayo ni mali ishikwayo na mdhamini kwa faida ya mtu mwingine, kwa masharti yaliyoandikwa.

Nchini Marekani wazo hili limepewa umbo la kisheria kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Huko mtu mwenye ulemavu na kipato kidogo hupata msaada wa serikali, lakini huupoteza iwapo mali yake inayohesabiwa inazidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1989. Ili urithi au zawadi ya ndugu isimwondolee msaada huo, fedha huwekwa katika amana ya mahitaji maalumu. Mdhamini hampi fedha mkononi, bali hulipia moja kwa moja vitu na huduma anazohitaji, na mafunzo ya kutumia kompyuta au simu yanaweza kuwa miongoni mwake. Sheria ya mwaka 1993 iliweka mpaka wa umri: mtu aliyetimiza miaka 65 hawezi kuwekewa amana yake binafsi ya namna hiyo kutokana na mali yake mwenyewe. Ndugu zake waweza kumwekea amana kwa mali yao. Ama yeye mwenyewe aweza kujiunga na amana ya pamoja, ambayo husimamiwa na chama kisichotafuta faida, kila mmoja akiwa na hesabu yake.

Hapa kwetu hatuna sheria inayofanana na hiyo, wala sababu yake haiko hivyo kwetu. Lakini kanuni tatu zaweza kuchukuliwa: fedha ishikwe na zaidi ya mtu mmoja, ilipie huduma badala ya kukabidhiwa mtu, na masharti yake yaandikwe. Njia za kuzitekeleza zipo:

(a) Bodi ya wadhamini. Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318, inaruhusu vyama, makanisa, misikiti na taasisi nyingine kusajili wadhamini wao kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Taasisi yenye bodi tayari yaweza kutenga sehemu ya mfuko wake kwa kazi hii.

(b) Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hii ni ya Zanzibar. Wasomaji wetu wa huko wanaijua, na wakfu ni desturi ya siku nyingi katika mwambao wote.

(c) Amana ya ukoo. Mwezi Desemba watoto wa Rombo hurejea nyumbani kutoka pande zote. Badala ya kila mmoja kuleta zawadi yake, wanaweza kuchanga, kuchagua wadhamini wawili au watatu, na kuandika masharti katika daftari mbele ya mzee mwenyewe. Vyama vya kuzikana vimetufundisha kutunza fedha za pamoja kwa ajili ya siku ya kifo. Utaratibu huo huo waweza kutumika kwa mtu angali hai.

Yafaa pia mwalimu aijue mifuko ya serikali ili asiwape wazee matumaini yasiyo na msingi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Watu Wenye Ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Fedha hizo ni mkopo usio na riba kwa ajili ya shughuli za uzalishaji, na mkopo hurejeshwa. Mzee mwenye miaka 80 anayetaka tu kujua salio lake hahitaji mkopo. Anahitaji mwalimu.

4. Hesabu ya amana: mfano

Tuchukue mfano wa wazee 6 wanaofundishwa kwa wiki 12, vipindi viwili kila wiki. Tuseme amana imetenga shilingi 1,200,000. Bei tulizoweka ni za kufanyia zoezi tu. Kila mahali wadhamini wataulizia bei za kwao.

Simu 6 za vibonye, kwa 40,000: 240,000
Posho ya mwalimu, vipindi 24 kwa 15,000: 360,000
Bodaboda kwa wazee 2 wasioweza kutembea, vipindi 24 kwa 4,000: 192,000
Muda wa maongezi na fedha za mazoezi, 10,000 kila mzee: 60,000
Vibao vya mazoezi na vifaa vingine: 48,000
Ziara 4 za nyumbani kwa kila mzee baada ya mafunzo, kwa 10,000: 240,000
Akiba ya matengenezo: 60,000
Jumla: 1,200,000

Msomaji ataona kwamba simu zimechukua sehemu moja tu ya tano. Nusu nzima imekwenda kwa mwalimu, darasani na katika ziara za nyumbani. Mfadhili asiyezoea kazi hii atashangaa na kutaka kununua simu 30. Hapana budi wadhamini wamweleze kwamba simu 30 zisizo na somo ni simu 30 ndani ya kabati. Aidha, fungu la bodaboda lisifutwe kwa kisingizio cha kubana matumizi, kwa sababu katika miteremko ile asiyeweza kutembea ndiye atakayekosa somo kwanza.

5. Kumjua mwanafunzi

Kabla ya kuandika azimio la kazi, mwalimu atafute majibu ya maswali manne.

Kwanza, ulemavu umeanza lini? Mtu asiyeona tangu utoto amekwisha kuzoea kutumia masikio na vidole, na huenda akamzidi mwalimu kwa kukumbuka. Aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 70 bado hutafuta kuona, na huchoka upesi. Wawili hao wasifundishwe kwa mwendo mmoja.

Pili, je, lipo tatizo linalotibika? Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Mzee wa namna hiyo aelekezwe kwanza hospitalini. KCMC ya Moshi ina idara ya macho inayojulikana. Somo lisiwe badala ya matibabu.

Tatu, anatumia lugha gani? Wengine Kiswahili chao ni cha sokoni na kanisani, na mambo ya undani huyasema kwa Kirombo. Mwalimu mgeni atafute msaidizi. Kwa mzee kiziwi atumie Lugha ya Alama ikiwa mzee anaijua, na amfundishe kutambua mtetemo wa simu na kutumia ujumbe mfupi.

Nne, laini imesajiliwa kwa jina la nani? Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na wazee wengine ambao vidole vimesagika kwa jembe walipata taabu, wakasajiliwa kwa majina ya watoto. Laini yenye jina la mjukuu hufanya fedha ionekane kuwa ya mjukuu. Kwa kupiga *106# mwenye kitambulisho huweza kuona namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Jambo hili litengenezwe kabla ya kipindi cha kwanza.

Adabu nayo ni sehemu ya mbinu. Mwalimu aanze kwa shikamoo, amwite mwanafunzi wake Babu, Bibi au Mama kama desturi inavyotaka, na aombe ruhusa kabla ya kuushika mkono wa mtu asiyeona. Asimnyang'anye simu ili kumwonyesha “kwa haraka”. Mkono wa mwalimu ukifanya kazi, mkono wa mzee haujifunzi.

6. Hatua za somo

Hatua ya kwanza: kuijua simu kwa vidole. Fundi seremala atengeneze kibao chenye ukubwa wa daftari, chenye vifungo 12 katika safu nne za vifungo vitatu. Kama fundi hapatikani, maharage yaliyogandishwa kwenye kadi ngumu yanatosha. Kifungo cha 5 kiwe na kitone kilichoinuka, kama kilivyo kwenye simu nyingi za vibonye. Mzee aweke kidole gumba juu ya kitone hicho, kisha ajue kwamba juu yake iko 2, chini 8, kushoto 4, kulia 6. Chini ya 8 iko 0, katikati ya nyota na alama ya reli. Kipindi kizima kitumike kwa jambo hili.

Hatua ya pili: kupiga na kupokea. Namba tatu za watu wa karibu ziwekwe katika vibonye vya mkato. Wazee wapigiane wenyewe kwa wenyewe, mmoja akiwa ndani na mwingine uwanjani. Kicheko kitakachotokea kinasaidia somo. Kwa kuwa Tarakea iko karibu na Loitokitok, simu huweza kushika mtandao wa upande wa pili. Mwalimu aiweke katika hali ya kuchagua mtandao kwa mkono, na awaeleze wazee kwamba M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zina jina moja lakini hesabu mbalimbali na shilingi mbalimbali.

Hatua ya tatu: menyu ya fedha. Hii ndiyo hatua ngumu. Mtandao hufunga mazungumzo iwapo jibu linachelewa, na kwa mzee mwenye kutetemeka huwa kama mwalimu mwenye hasira. Kwa hiyo aanze kwenye kibao, kisichofunga wala kuchoka. Mwalimu awe sauti ya mtandao, asome menyu polepole, naye mzee abonyeze. Akiweza mara tatu mfululizo bila kukosea, ndipo ashike simu. Asiyeona ajifunze mfuatano wa namba kwa moyo kama ajifunzavyo wimbo. Lakini kampuni hubadilisha menyu zake mara kwa mara, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutenga fedha za ziara za baadaye. Ikiwa amana ina uwezo, simu janja yenye programu ya TalkBack, isomayo maandishi ya kioo kwa sauti, humpa uhuru zaidi. Ila muda wa mafunzo uongezwe walau mara mbili.

Hatua ya nne: namba ya siri. Mazoezi yafanywe kwa namba ya kubuni. Siku ya kuweka namba ya kweli, mwalimu ageuke na kutazama ukutani. Kitendo hicho hufundisha kuliko maneno. Mwaka wa kuzaliwa usitumike. Kwa mzee ambaye hawezi kabisa kubonyeza, achague mwenyewe msaidizi mmoja, na mtu wa pili aandike kila muamala katika daftari na kumsomea. Anayebonyeza asiwe ndiye anayeandika.

Hatua ya tano: kwa wakala. Darasani mwanachuo mmoja aigize wakala mwenye haraka anayesema, “Bibi, nipe simu na namba yako nikusaidie.” Wazee wajizoeze kukataa kwa upole. Kisha wote waende kwa wakala wa kweli aliyekwisha kuarifiwa, na kila mmoja atoe fedha ya mazoezi kwa mkono wake.

Hatua ya sita: matapeli. Mwalimu asome jumbe mbalimbali, na wazee waseme ni wa kweli au si wa kweli. Uwemo ule unaosema, “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Wafundishwe kwamba ujumbe wa utapeli hupelekwa kwenye namba 15040, na kwamba hakuna mfanyakazi wa mtandao mwenye haki ya kuuliza namba ya siri.

7. Kipimo

Mafunzo haya hayapimwi kwa mahudhurio wala kwa picha za kukabidhi simu. Wadhamini wakague mambo manne, mwishoni mwa wiki ya 12 na tena baada ya miezi sita: (i) je, mzee anaweza kusema salio lake bila kumwuliza mtu? (ii) je, ametoa fedha mwenyewe, au mbele ya msaidizi aliyemchagua? (iii) je, namba ya siri anaijua yeye tu? (iv) je, simu iko karibu naye, ina chaji na inatumika?

Kigezo cha tatu kisipotimizwa, vingine vyote ni dhaifu. Mzee aliyeshindwa asiandikwe kuwa “hafundishiki”. Wadhamini watazame kwanza kama vipindi vilitosha, kama usafiri ulikuwapo, na kama mbinu ililingana na ulemavu wake. Mzee mwenyewe awe na sauti katika kikao hicho, kwa sababu amana ni yake.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba amana nzuri na somo zuri hufuata kanuni moja: kumtunzia mtu kilicho chake mpaka aweze kukishika. Vyuo vyetu vina nafasi kubwa hapa, kwa kuwa kila mwaka hupeleka wanachuo vijijini kwa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja, kibao kimoja na alasiri mbili kwa wiki vyaweza kuanzisha kundi la wazee 6. Ni matumaini yetu kwamba walimu wa sehemu nyingine watalijaribu jambo hili, walirekebishe kulingana na mazingira yao, na kutuandikia waliyoyaona.

Maswali ya kujadili

1. Familia imechanga shilingi 600,000 kwa ajili ya baba mwenye kiharusi. Mtoto mkubwa anataka zote zinunue simu janja. Ungewashauri nini wadhamini? Andika hesabu yako.

2. Tayarisha azimio la kipindi cha dakika 40 cha kuijua simu kwa vidole, kwa kundi lenye wazee wawili wasioona na mmoja mwenye kutetemeka.

3. Mjukuu anasema, “Bibi ananiamini, kwa nini mnamfundisha kunificha?” Mjibu kwa namna isiyovunja undugu wao.